Kozi imekukalia vibaya: ukomae nayo, udropu na W, au uhamie pasi-feli? Tulinganishe zinavyogusa GPA

Semista imefika katikati, tesiti ya kwanza imerudi na kuna kozi moja unaiona kabisa inaenda kukuharibia hesabu zote. Hapo ndo watu wanaanza kuulizana, we nae udropu uandikiwe W (alama ya kujitoa kozi)? ukomae? uhamie ile ya pasi au feli? na kila mtu anajibu kulingana na yaliyomkuta yeye, wakati wewe krediti zako ni zingine, mwaka wako mwingine na unakoenda baada ya chuo ni kwingine. Mimi naona swali hili linajibika kwa kalamu na karatasi zaidi ya ushauri wa rafiki, kwa hiyo tuanze na hesabu yenyewe halafu tuziweke hizi njia tatu pembeni kwa pembeni.

Kwanza GPA inavyotembea

GPA ni wastani wenye uzito. Kila gredi ina pointi zake, unazidisha na krediti za kozi (uzito wa kozi), unajumlisha zote, unagawanya kwa jumla ya krediti. Kwa skeli ya 4.0 ambayo ndo ya kawaida Marekani, A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0, na vyuo vinavyotumia kujumlisha na kutoa vinaweka A- kwenye 3.7, B+ kwenye 3.3 na kuendelea hivyo. Sasa angalia, ukipata A kwenye kozi ya krediti 1 na D kwenye kozi ya krediti 4 una pointi 8 kwa krediti 5, yaani 1.6. Ile A imemezwa. Watu wengi wanaangalia idadi ya A walizonazo na kusahau krediti zilizobebwa na kila moja.

Skeli zenyewe hazifanani duniani. Tanzania na Nigeria vyuo vingi vinatumia 5.0, na Ujerumani ndo imegeuzwa kabisa, 1.0 ndo bora na 4.0 ndo umepita kwa shida. Kwa hiyo mtu akikwambia ana 3.5 muulize kwanza kati ya ngapi. Mifano yangu hapa yote ni ya 4.0, ila mantiki haibadiliki, badilisha pointi tu.

Kitu cha pili ambacho ndo kinaamua karibu kila kitu: krediti ulizokwisha kusanya. Chukua wanafunzi wawili, wote semista hii wana krediti 15, nne kati ya hizo ni za kozi inayowasumbua, na zile 11 nyingine wanapata B tupu, yaani pointi 33. Mmoja ni wa mwaka wa kwanza, hana kitu nyuma. Mwingine anaanza mwaka wa tatu, ana krediti 60 na GPA ya 3.2, yaani pointi 192 tayari mfukoni. Wote wakipata F kwenye ile kozi, wa mwaka wa kwanza anaishia na 33 kwa 15 ambayo ni 2.2, wa mwaka wa tatu anaishia na 225 kwa 75 ambayo ni 3.00. Bila ile kozi wangekuwa na 3.0 na 3.17. Yaani F ileile imemgharimu mmoja 0.8 na mwingine 0.17 tu. Kaa na hawa wawili, tutarudi kwao kila mara.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Vinne. Cha kwanza ni GPA yenyewe. Cha pili ni krediti na muda, je utamaliza kwa wakati na je kozi inayofuata utaruhusiwa kuingia. Cha tatu ni transkripti, nani ataisoma na atatafsiri vipi anachokiona. Cha nne ni hela, maana mkopo na skolashipu vina masharti yake ambayo hayajali kabisa umesikitika kiasi gani. Baada ya hapo ndo tuone nani inamfaa.

Njia ya kwanza: kukomaa mpaka pepa la mwisho

*GPA.* Gredi utakayopata inaingia yote. Kwa wa mwaka wa kwanza C inampeleka 2.73, D inampeleka 2.47. Kwa wa mwaka wa tatu C ni 3.11 na D ni 3.05. Ukiziangalia hizo za mwaka wa tatu utaona tofauti ya C na D ni kama hakuna, pointi tano au sita kwenye desimali ya pili, na hapo wengine wanaharibu kozi nyingine nne kwa kukesha na hii moja, ambapo kama B moja ya krediti 3 ikishuka kuwa C amepoteza karibu kile kile alichokuwa anakipigania.

Kabla hujaamua kukomaa piga hesabu ya pepa la mwisho. Tuseme alama za ndani ya semista zina uzito wa 60 kwa 100, nawe mpaka sasa wastani wako kwenye hizo ni 48. Hiyo inakupa 28.8. Kama C inaanzia 60 unahitaji 31.2 kati ya 40 zilizobaki, yaani upate 78 kwenye pepa la mwisho. Kama D inaanzia 50 unahitaji 53 tu. Jiulize kwa ukweli, mtu aliyepata 48 nusu ya kwanza, na mada ngumu bado hazijafika, 78 anaitoa wapi? Pengine anayo, labda ile tesiti ya kwanza alikuwa anaumwa au hajaelewa lekchara anauliza vipi. Ila namba ikiwa mbele yako unaamua vizuri kuliko ukiwa na hofu tupu.

*Krediti na muda.* Hapa ndo kukomaa kuna nguvu. Ukipita, hata kwa D pale ambapo D inahesabika ni pasi, krediti ni zako na muda haujapotea. Lakini idara nyingi zinadai C kama hiyo kozi ni tangulizi kwa nyingine, kwa hiyo D inakupa krediti halafu inakufungia mlango wa kozi inayofuata, na unajikuta unairudia vilevile.

*Transkripti.* D itaonekana, na itakaa. Ila gredi moja mbaya katikati ya nzuri, hasa kama kozi zilizofuata za fani ileile ulifanya vizuri, wasomaji wengi wa maombi ya masta wanaielewa.

*Hela.* Unabaki mwanafunzi wa muda wote, hakuna anayekudai kitu. Hatari ni ile mistari ya GPA. Misaada ya serikali kuu Marekani kwa digrii za miaka minne inataka uwe umesimama kwenye C, yaani karibu 2.0, kufikia mwisho wa mwaka wa pili, na skolashipu nyingi za vyuo zina mstari wa juu zaidi. Kama mstari wa skolashipu yako ni 3.0, yule wa mwaka wa tatu hata akipata F amesimama juu ya mstari wenyewe, hana hata nukta ya akiba.

*Halafu kuna kurudia.* Wengi wanakomaa wakijiambia nitarudia nikikosa. Sawa, ila uliza chuo chako kinahesabuje. Kuna vyuo vinafuta gredi ya zamani kwenye GPA na kuweka mpya, kuna vinavyohesabu zote mbili, na kuna mifumo ya sapu (mtihani wa marudio) ambapo hata ukipata 90 inaandikwa C. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Wa mwaka wa tatu aliyepata D akarudia akapata B: chuo kinachofuta kinampa 3.16, chuo kinachohesabu zote kinampa 241 kwa 79, yaani 3.05, palepale alipokuwa na D! Amesoma semista nzima, amelipa, na GPA haijasogea, kwa sababu B yenyewe ni 3.0 na yeye tayari ana 3.05, wastani hauwezi kupandishwa na namba iliyo chini yake.

Na hata chuo chako kikifuta, wanaopokea maombi wanaweza kuhesabu upya. Kwa anayeomba shule za udaktari Marekani, AMCAS, mfumo unaopokea maombi hayo, wanahesabu majaribio yote. LSAC, wanaoshughulikia maombi ya shule za sheria, nao wanapiga GPA yao wenyewe na gredi ya zamani ikionekana kwenye transkripti inaingia.

*Inamfaa nani.* Mwenye krediti nyingi nyuma, ambaye hesabu ya pepa la mwisho inaonyesha C au zaidi inafikika, na ambaye kumaliza kwa wakati ni muhimu kwake kuliko desimali.

Njia ya pili: kudropu na W

Tutofautishe kwanza. Wiki za mwanzo kuna dirisha la kuongeza na kutoa kozi, ukitoka humo hakuna alama yoyote inabaki, kama hujawahi kuisoma. Likifungwa hilo linakuja la pili ambapo unatoka na W. Ukipita la pili, vyuo vingine vinakuandikia WF ambayo kwenye hesabu ni F kamili. Kwa hiyo tarehe ni kila kitu hapa, nenda kaisome kwenye kalenda ya masomo ya ofisi ya msajili, usichukue ya kusimuliwa.

*GPA.* W haiingii, juu wala chini. Wa mwaka wa kwanza anabaki 3.0, wa mwaka wa tatu 3.17. Ukirudia baadae ukapata B, wa mwaka wa tatu anakuwa na 3.16, na hiyo ni 3.16 kila mahali, hata kwa AMCAS, kwa sababu hakuna D ya zamani ya kufukuliwa. Hili kwa mtu anayelenga udaktari ni jambo zito sana, W ikifuatiwa na B inamwacha juu kuliko D ikifuatiwa na B.

*Krediti na muda.* Unapoteza zile nne. Kama kozi inatolewa mara moja kwa mwaka na ndo tangulizi ya kozi nyingine mbili, umejichelewesha mwaka mzima kwenye huo mnyororo. Hapa watu hawaangalii kabisa, wanaangalia GPA ya semista tu.

*Transkripti.* W moja haina kelele, W mbili miaka tofauti pia si tatizo. W zikijipanga, hasa zote kwenye kozi za fani yako, msomaji anaanza kuona mtu anayekimbia kila kinapokuwa kigumu, hata kama sababu ilikuwa msiba au ugonjwa, maana transkripti haisemi sababu.

*Hela.* Hapa ndo W inauma kimyakimya. Rudi kwa wanafunzi wetu: 15 toa 4 ni 11. Marekani mwanafunzi wa muda wote wa digrii ya kwanza ni krediti 12 na kuendelea, kwa hiyo kwa kudropu kozi moja tu wote wawili wameshuka chini ya mstari. Msaada wa masomo unaweza kupunguzwa, skolashipu inaweza kusimama, na aliyeko kule kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 anaweza kupoteza hadhi yake kama hajapata kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kimataifa KABLA ya kudropu. Kabla, siyo baada.

Pia W inahesabiwa kama kozi uliyojaribu na hukumaliza. Kwenye misaada ya serikali kuu kule kuna sharti la mwendo, vyuo vingi vinaliweka kama asilimia 67 ya krediti ulizojaribu uwe umezipita. Ukidropu 4 kati ya 15 uko asilimia 73, salama. Semista inayofuata ukidropu tena 7 kati ya 15 jumla yako ni 19 kwa 30, asilimia 63, umeanguka. Na ukijitoa kozi zote kabla ya asilimia 60 ya semista kupita, sehemu ya msaada wenyewe inatakiwa irudishwe na deni linaweza kubaki kwako kwa chuo.

*Inamfaa nani.* Wa mwaka wa kwanza au wa pili ambaye F ingemvunja vibaya, anayebaki na krediti za kutosha hata baada ya kutoa, na mwenye sababu ya kuamini akirudia atafanya vizuri zaidi, sio kuahirisha tatizo lilelile. Na yule aliyepatwa na jambo, ugonjwa, kuuguza, kufiwa. Ila huyu wa mwisho aulize kwanza kuhusu kuahirisha mtihani au gredi ya I (kozi haijakamilika), maana kama alikuwa amebakiza pepa la mwisho tu, hana haja ya kutupa kazi yote ya semista.

Njia ya tatu: kuhamia pasi-feli

*GPA.* Ukipita inaandikwa P, unapata krediti na GPA haiguswi. Inasikika kama njia bora kuliko zote, ila ina mambo mawili ndani yake. La kwanza, ukifeli, vyuo vingi vinaingiza hiyo F kwenye GPA kama kawaida, kwa hiyo kinga ni ya upande mmoja. La pili ndo linawaumiza wengi: mstari wa P. Vyuo vingine wameuweka kwenye D, vingine kwenye C au C-. Kama cha kwako kiko kwenye C, basi D ambayo kwa gredi ya kawaida ingekupa krediti, kwenye pasi-feli inageuka kuwa kufeli. Yaani mtu aliyekuwa anaelekea D amehamia huku kujiokoa na amejimaliza.

Faida yenyewe kiasi gani? Mwenye uhakika wa C, wa mwaka wa kwanza anaokoa 0.27, wa mwaka wa tatu anaokoa 0.06. Kwa huyu wa pili sioni kama inastahili kutumia nafasi yake ya pasi-feli, na nafasi hizi mara nyingi zina kikomo.

*Krediti na muda.* Nzuri kabisa, krediti zako zipo, umebaki na 15, hakuna kushuka chini ya 12. Lakini vyuo vingi haviruhusu pasi-feli kwenye kozi za fani yako au kozi tangulizi, kwa hiyo inawezekana njia hii haipo kabisa mezani, angalia kabla hujaanza kuitegemea. Na tarehe ya mwisho ya kuhamia mara nyingi inakuja mapema.

*Transkripti.* P haisemi kitu, na msomaji anayejali atadhani ilikuwa gredi ya chini. Semista ya mwanzoni mwa 2020 ambapo vyuo vingi vilihamisha kozi kwenye pasi-feli kwa sababu ya Korona kila mtu anaielewa, na MIT semista ya kwanza ya mwaka wa kwanza ni ya pasi tu bila gredi kwa kila mwanafunzi. Nje ya hapo P kwenye kozi ya nje ya fani haina shida, ila shule nyingi za udaktari hazipokei P kwa kozi wanazozitaka kama sharti la kuingia.

*Hela.* Kwa ujumla salama, hadhi haishuki, mwendo wa krediti haushuki. Soma tu masharti ya skolashipu, kuna zinazodai idadi fulani ya krediti zenye gredi za herufi.

*Inamfaa nani.* Anayesoma kozi nje ya fani yake, ana uhakika wa kuvuka mstari wa P, na anataka kupunguza presha ili nguvu ziende kwenye kozi nyingine.

Kama chuo chako hakina W wala pasi-feli

Sehemu nyingi mfumo ni wa mtihani, sapu, kurudia kozi na kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli). Hapo chaguo lako linakuwa kufanya pepa, kuomba kuahirisha kwa sababu inayokubalika, au kuahirisha mwaka. Vigezo vinabaki vilevile vinne. Cha kuangalia sana ni kama sapu ina kikomo cha gredi na kama pepa lililoahirishwa kwa ruhusa linahesabiwa kama jaribio la kwanza, maana la kwanza linakupa gredi yako yote na sapu inakufungia C. Mwenye cheti cha hospitali akaacha kuomba kuahirisha, akaingia pepa na homa akafeli, amejiondolea haki ambayo alikuwa nayo. Na kwenye mifumo ya madaraja kama Tanzania ambapo daraja la kwanza linaanzia 4.4, aliye kwenye 4.3 au 4.4 kila desimali ina maana ambayo aliye kwenye 3.9 hana haja ya kuisumbukia kabisa.

Sasa wewe uko wapi

Mwaka wa kwanza, kozi siyo ya fani yako, C una uhakika nayo: pasi-feli, hifadhi GPA ikiwa bado changa.

Mwaka wa kwanza, kozi ni ya fani, hesabu ya pepa la mwisho inadai 78 na wewe unaziona 50: W, lakini hakikisha krediti hazishuki chini ya mstari wako. Kama zitashuka, nenda ofisi ya misaada ya masomo na mshauri wako siku hiyohiyo, muulize pia kama kuna kozi fupi inayoanza katikati ya semista ya kujazia.

Mwaka wa tatu au wa nne, krediti nyingi nyuma, masta huna mpango nayo au siyo ya haraka: komaa, chukua C au hata D yako kama inakupa krediti na haifungi kozi nyingine, halafu linda hizo kozi nne zilizobaki.

Unalenga udaktari au sheria Marekani: usitegemee kabisa sera ya chuo ya kufuta gredi. Kama D inanukia, W kisha urudie vizuri.

Unaishi kwa skolashipu yenye mstari wa GPA na mstari wa krediti kwa pamoja: huyu ndo mwenye hali ngumu kuliko wote na namuonea huruma kweli, kwa sababu W inamgusa kwenye krediti na D inamgusa kwenye GPA. Andika namba zote mbili, utapata ngapi ukikomaa na utabaki na krediti ngapi ukidropu, uone ni mstari upi una nafasi. Mara nyingi wafadhili wana utaratibu wa kukata rufaa, na barua iliyofika kabla ya matokeo inasikilizwa zaidi ya iliyofika baada.

Na kama tarehe ya W imeshapita: uliza kuhusu kujitoa kwa sababu za kiafya kama zipo kweli, uliza kuhusu I, na kama yote hayapo, nenda kwa lekchara na karatasi yako ya alama umuulize ni mada zipi zinabeba pepa la mwisho, kisha soma kutafuta ile 53 ya D badala ya ile 78 ya C, maana kati ya F na D kuna krediti nne nzima zinakusubiri.